Mama Neema Alisema "Uza Nyanya"

Hapana. Wewe unayeniambia ati hii ilikuwa kusikia vibaya tu, ati lugha ndio ilikosa, acha. Mimi ndio nilikosa. Lugha haina mikono. Mikono iliyofungua zile nyuzi ni hii yangu, na mikono iliyoingia kwenye ndoo ya nguruwe ni hii hii, na mpaka leo kabla ya kula nayo naiosha mara tatu.

Siandiki jina kwa sababu Namuwongo, mtaa wetu wa Kampala, ni ndogo. Wanaonijua watanijua. Sawa tu.

Kwanza ujue unasoma mtu wa namna gani. Mimi nimezaliwa kwenye baraksi ya polisi. Baba ni mtu wa kabila la Lango, kutoka kaskazini, askari, na kwenye mstari wetu wa nyumba kulikuwa makabila kama kumi, kwa hivyo Kiswahili ndio ilikuwa ya kila mtu. Shule niliacha mapema. Kutengeneza simu nilijifundisha mwenyewe. Kusoma vitabu ya Kiswahili nilijifundisha mwenyewe. Mtu kama mimi anakuwa na kiburi mbaya, kiburi ya kitu aliyoitafuta peke yake. Ukisema neno vibaya mbele yangu, nakurekebisha kabla hujamaliza. Hasira yangu nayo iko mlangoni, haibishi hodi. Lakini mtu wangu ni mtu wangu. Ukimgusa, umenigusa.

Mama Neema alikuwa mtu wangu.

Ni jirani. Mkongo, wa Bukavu, anakaa muzigo ya pili kutoka kwetu, ndio tunavyoita nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, na pazia katikati. Alikimbia vita na binti yake Neema, nguo waliyovaa, na kitambaa imefungwa fundo. Ndani ya fundo, mbegu ya nyanya. Wengine wanakimbia na godoro, yeye alikimbia na mbegu. Siku aliyonionyesha nilicheka.

"Si ungebeba hata sufuria, Mama?"

"Sufuria utaipata popote, mutoto yangu," akasema. "Hii ukiipoteza, hakuna duka."

Ilikuwa nyanya ya bibi yake, na kabla ya bibi yake sijui ya nani. Si nyanya unayoijua. Ile ya sokoni ni ndefu na ngumu, unaweza kuiangusha kutoka kwa boda na isisikie. Hii ilikuwa kubwa kama ngumi mbili, imekunjika mbavu kama boga, rangi yake ya waridi inaenda kwenye zambarau, na juu kabisa imepasuka pasuka kama kisigino. Mbaya kwa macho. Lakini ukiikata, ukaweka chumvi kidogo, unalamba mpaka kisu. Mimi niliyecheka, nililamba.

Mwaka jana tulilima pamoja, nyuma ya nyumba, upande wa reli. Magunia tisa ya udongo na beseni mbili zilizotoboka. Tulipanda mwezi wa tano, mvua inaelekea kuisha, kwa sababu nyanya haipendi mvua nyingi. Mbegu ilikuwa ya mwisho. Ile ya msimu wa nyuma iliota ukungu ndani ya chumba, na iliyobaki alipanda yote. Ikaota miche saba. Saba tu.

Kiangazi yote nilibeba maji, jerikani mbili kila asubuhi kabla ya kufungua kazi yangu ya simu. Nilifunga matawi kwenye fito kwa vipande vya kitenge. Nilijifundisha kwenye video namna ya kuweka mbolea ya dukani, nikamwambia Mama Neema, akaniangalia.

"Hiyo simu yako imelima wapi?"

Basi tukaweka majivu.

Sasa, kwenye kona yetu kuna mama mmoja anauza nyanya, amezaa mapacha, kwa hivyo kila mtu anamwita Nnalongo. Mdomo yake ni kali kuliko pilipili yake. Akinipita na jerikani ananiuliza, "Kijana, hizo nyanya zenu, baba yako ndiye amezipiga kule polisi?" Watu wanacheka. Siku nyingine akasema, "Nyanya ya mukimbizi, hata sura yake imekimbia."

Hiyo iliniingia. Kunitukana mimi ni mchezo, lakini Mama Neema alikuwa amesimama pale pale na kikapu mkononi. Nilimjibu Nnalongo maneno ambayo siwezi kuandika hapa. Mama Neema akanivuta shati.

"Wacha. Nyanya haisikiagi matusi."

Nyanya haikusikia. Mimi nilisikia, nikaweka moyoni. Nikasema iko siku huyu mama atafunga mdomo mbele ya wateja wake.

Mwezi wa nane mvua ikaja kabla ya wakati. Wiki moja tu na majani yakawa meusi, kama mtu amepitisha moto chini. Ni ugonjwa wa mvua, hauna huruma. Mama Neema akazunguka polepole, gunia kwa gunia, akachagua nyanya kumi na nne ambazo zilikuwa safi bado. Kila moja akaifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo.

"Hizi hazikuliwi," akaniambia. "Zinakaa kwenye mti mpaka zilainike zenyewe. Hizi ni mbegu. Ni za yaya yangu."

Yaya. Hapo nisimame kidogo, kwa sababu hii neno ndio inanifunga kabisa. Kwetu Kampala yaya ni msichana wa kulea watoto. Mara ya kwanza Mama Neema kusema "yaya yangu," mimi nilitangaza mtaa wote ati huyu mama alikuwa tajiri, kule Kongo alikuwa na mfanyakazi. Watu wakaanza kumtania. Baadaye Neema akaniambia kwao yaya ni ndugu mkubwa, kaka au dada. Kwa hivyo nilijua. Nilijua kabisa kwamba Kiswahili yake na yangu ni kama mapacha waliolelewa nyumba mbili. Usiseme sikujua.

Huyo dada yake mkubwa, Yaya, anakaa kwenye kambi ya wakimbizi, mbali, siku nzima na basi. Yeye alikimbia mikono mitupu. Walikuwa wamemgawia kipande cha shamba kule, na kwa simu alikuwa anauliza kitu moja tu: ile nyanya ya bibi bado iko? Mama Neema alimwambia njoo mwezi wa nane, utabeba.

Ijumaa Neema akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mama Neema akaenda naye kliniki. Jumamosi asubuhi akanipigia. Nyuma yake nasikia watoto wanalia na mtu anaita majina.

"Mutoto yangu, Neema hajazaa bado. Yaya anafika leo. Uza nyanya."

"Nini?"

"Uza nyanya. Ndoo moja, zilizoiva sana."

"Ndoo nzima, Mama?"

"Uza, uza, usichelewe. Feza nitakurudishia."

Simu ikakatika.

Feza nitakurudishia. Niliisikia vizuri kama unavyosoma hapa. Mtu akikutuma kuuza kitu yake, anakurudishia pesa gani? Kichwa yangu ilisimama pale. Ilisimama kweli. Airtime nilikuwa nayo, simu iko mkononi, na mimi ndiye fundi wa simu. Kumpigia tena ni dakika moja.

Sikupiga. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimeshaona uso wa Nnalongo. Nilikuwa nimeshaona ndoo imejaa pale kwenye kona na watu wanapigania. Nilisikia neno ambayo nilikuwa naitaka, na ile nyingine ambayo haikuingia vizuri nikaitupa.

Nyanya zisizo na uzi zilikuwa chache, zina madoa. Hazikujaza hata robo ya ndoo. Nikaangalia zile kumi na nne. Nikajiambia mwenye mali amesema ndoo moja, mimi ni nani? Nikafungua nyuzi, moja moja, polepole nisiumize kikonyo. Nikaziweka mfukoni. Nilikuwa napiga mluzi.

Niliweka ndoo futi tatu kutoka kwa meza ya Nnalongo, makusudi. Nikakata moja vipande, nikanyunyiza chumvi, nikaita watu waonje. Mwenye kukaanga roleksi, zile chapati za kukunja na mayai, alikuwa hapo karibu, akala vipande vitatu akarudi kwa ya nne. Watu wakasimama. Wengine walinunua wakala pale pale, juisi inashuka mpaka kwa kiwiko, wakatema kikonyo kwenye mtaro. Ndoo ikaisha haraka kuliko nilivyofikiri. Nnalongo mwenyewe nilimpa kipande. Akatafuna, akatafuna.

"Kale," akasema, ile ya Kiganda ya kukubali. "Ni tamu."

Nilimcheka mbele ya wateja wake mpaka akageuka akaanza kupanga vitunguu vilivyokuwa vimepangwa tayari. Nilirudi nyumbani nikijiona mfalme. Nikikumbuka ile kutembea yangu, ile mabega, nataka kutema mate.

Mchana Mama Neema akafika na dada yake. Neema amezaa salama, mtoto wa kike. Yaya alikuwa mama mwembamba, mzee kumzidi, miguu imevimba kwa basi, na mkononi ana kikopo kidogo kitupu cha mafuta ya kujipaka. Amekiosha mpaka kinang'aa. Sikuuliza ni cha nini. Mama Neema akawasha jiko, akavua viatu, akafurahi kuniona.

"Uliuza nyanya?"

"Nimeuza, Mama."

"Zote? Ndoo moja?"

"Yote. Imeisha."

"Vizuri, mutoto yangu. Iko wapi?"

"Nini?"

"Nyanya uliuza."

"Si nimekuambia nimeuza."

"Ndiyo, uliuza. Iko wapi basi? Nipikie Yaya."

Tulizunguka hivyo kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Mimi tayari nimeanza kukasirika, nasema moyoni huyu mama amechoka, hasikii. Nikaingiza mkono mfukoni kumtolea pesa yake. Pesa ikatoka pamoja na nyuzi. Nyuzi nyekundu zikaanguka kwenye mkeka.

Aliokota uzi mmoja, akauangalia, akatoka nyuma ya nyumba. Akarudi.

"Nilisema uza," akasema. "Sikusema uzisha."

Hapo ndio nilielewa. Kwao kuuza ni kutoa pesa ulete kitu. Ile yetu ya kuuza, wao wanasema kuuzisha. Alikuwa ananituma sokoni ninunue nyanya ya kupikia Yaya na wageni wa mtoto, ili zile za bustani zisiguswe. Na nikakumbuka, siku nyingi nyuma, alinipita asubuhi akasema anaenda kuuza mkate, na mimi nikaambia watu ati ameanza biashara ya mkate. Alirudi na mkate mmoja chini ya mkono. Niliuona. Sikufikiri kitu.

Sasa, hapa wewe unayenitetea ungekuwa na haki kama hadithi ingeishia hapo. Ningepiga magoti, ningesema Mama, nilisikia maneno ya pesa nikayapuuza, nilifungua nyuzi nikijua ni za nini. Angelia, angenitukana, ingekuwa hivyo.

Lakini Yaya alikuwa amekaa kwenye mkeka na kikopo yake. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hata moja haiko?"

Mdomo yangu ikajibu kabla yangu.

"Iko. Kuna mtu alinunua nyingi, hajazitumia. Naenda kuleta."

Nikakimbia kwa yule wa roleksi. Akaniambia, "Zile zenu? Watu walimaliza, mbichi, na chumvi. Mimi nakatia nyanya ya Nnalongo, kama siku zote." Nikaangalia chini ya meza yake. Kuna ndoo anawekea mtu wa nguruwe. Maganda ya mayai, kabichi imeoza, maji ya kuoshea sahani, na juu inaelea ile uji ya nyanya, mbegu mbegu, na nzi wamejaa.

"Hiyo je?"

"Hiyo ni uchafu ya jana na leo. Nyanya yangu, ya Nnalongo. Nimekuambia, ya kwenu haimo."

Aliniambia. Usisahau kwamba aliniambia. Niliinama nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ilikuwa ya uvuguvugu. Kitu laini ilinipita kati ya vidole, sijui ilikuwa nini mpaka leo. Nilichota ile uji, nikaiweka kwenye kopo, nikachota tena. Yule mtu akaacha kukaanga.

"Wewe ni mzima?"

Nilitapika kwenye mtaro, nikafuta mdomo, nikabeba kopo.

Nilimwambia Mama Neema ni nyanya zetu, yule mtu alizitupa kwenye taka, na alipoiona hakuziba pua. Alisema mbegu ya nyanya lazima ioze kwanza, ile utelezi yake itoke, ndio inakuwa safi. Aliingiza vidole vyake kwenye uchafu ile kama mtu anaosha mtoto. Akasuuza mara nyingi, akamwaga maji, mbegu zikabaki chini. Akazitandaza kwenye kitambaa. Mbegu ya nyanya haina uso, wenzangu. Ya bibi na ya Nnalongo, zote ni vipunje vyenye manyoya.

Akaniambia, "Leo Mungu amenipa mujukuu na amenipa mutoto mwanaume." Akanishika kichwa na mkono ile yenye harufu ya nguruwe, akaniombea. Yaya akasema amina. Na mimi nikasema amina.

Jumatatu Yaya akaondoka na kikopo kimejaa. Mama Neema alimpa zote. Alisema shamba lake ni kubwa kuliko magunia yetu, azalishe nyingi, halafu atatuletea.

Unajua kinyaa ya kweli ni gani? Si ile ndoo. Ni miezi iliyofuata. Nilikuwa nakula kwake, nacheka kwake, nambeba mjukuu wake. Alikuwa ananisifu mtaani ati niliingiza mkono kwenye taka kwa ajili yake, na mimi nainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Mwezi wa kumi na mbili simu ikalia, mimi niko kwake natengeneza redio. Ilikuwa Yaya. Nyanya zimezaa, ndefu, ngumu, kama zile za sokoni. Shamba lote. Anauliza ndugu yake alimpa nini.

Sijawahi kumsikia Mama Neema akipaza sauti vile. "Weye ndio ulichanganya! Uliweka mbegu ya bibi pamoja na ya majirani! Yule mutoto aliingiza mkono kwenye uchafu juu yetu, na mimi niliosha na mikono yangu!" Yaya naye akasema yake. Maneno ya zamani yakatoka, nani alibaki na mama yao, nani alikimbia kwanza. Halafu simu ikazimwa. Na mimi pale, nashika bisibisi, nafunga skrubu ambayo ilikuwa imefungwa.

Hawakuongea tena. Krismasi ikapita hawajaongea. Ndugu wawili waliobaki kwa nyumba ya mama yao, na mimi katikati nakula wali.

Nilimwambia mwezi wa kwanza. Alikuwa anaosha sahani nje. Nilisema yote, pesa, nyuzi, yule wa roleksi, ndoo. Hakuniangalia. Aliuliza kitu moja.

"Hata mbegu moja ya kwetu haikuwamo?"

"Hata moja."

Akamaliza sahani. Akafuta mikono. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anasoma kwenye kitabu, "Asante kwa kunijulisha, ssebo."

Ssebo. Kama unavyomwita mtu usiyemjua, mwenye duka, kondakta. Jioni ile alimpigia dada yake, wakalia pamoja, hilo namshukuru Mungu. Mbegu imekwisha. Wameuliza watu wote wa kwao, kambini na mjini, hakuna mwenye nayo.

Tangu siku ile Mama Neema anaongea na mimi Kiswahili yangu. Anasema ananunua mkate. Anasema dada yangu. Hakuna kosa hata moja. Mimi niliyekuwa namrekebisha kila siku, sina kitu ya kurekebisha tena, na ningetoa vidole viwili kusikia ananiita mutoto yangu.

Kwa hivyo nyinyi mnaopenda mtu mpaka mnapigana barabarani kwa ajili yake, jiangalieni. Mimi nilipigana na Nnalongo kwa jina ya Mama Neema, lakini nilikuwa napigania sura yangu. Na siku sura ilipoanguka, nilichagua kuiokoa kwa uongo, nikampa mama mzee aubebe kwenye basi siku nzima, aupande, auchimbie mifereji, aupalilie miezi mitatu. Kosa la kwanza lilikuwa la asubuhi moja. Hilo la pili nililirudia kila siku niliyonyamaza.

Na wewe unayetikisa kichwa sasa hivi ukinionea kinyaa, niambie: ni nani leo anamwagilia maji uongo wako?